Ganda Nalo Lina Bei: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Korosho

Kwa Bodi ya Korosho Tanzania. Kwa vyama vikuu vya ushirika vya Mtwara, Lindi na Ruvuma. Na kwa wote wanaojiandaa kujenga viwanda vya kubangua korosho kusini.



Katika kilo 100 za korosho ghafi zinazopimwa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), kiini ni kilo 20 hadi 25. Ganda ni karibu kilo 70. Kinachobaki ni utando mwekundu na unyevu. Hata hivyo, kuanzia mnadani hadi kwenye mjadala wa bajeti bungeni Dodoma, kinachozungumzwa ni kiini peke yake. Ganda likitajwa, hutajwa kama taka: litamwagwa wapi, litachomwa lini, moshi wake utamsumbua nani.

Barua hii inalitetea ganda. Inawaomba walioshika usukani wa zao hili waliandike kwenye leseni, kwenye takwimu na kwenye michoro ya viwanda kuwa ni bidhaa yenye bei. Bila hivyo, ahadi ya kubangua korosho zote nchini itakwama palepale ilipokwama miaka yote.

Hesabu ianzie mnadani, maana ndipo kiwanda cha nyumbani kinaposhindwa. Mnunuzi anayepeleka mzigo Kollam, katika jimbo la Kerala nchini India, au Binh Phuoc nchini Vietnam, anagombea korosho zilezile na mbanguaji wa Mtwara au Masasi. Yule wa Vietnam akishabangua, anauza kiini, na ganda analiuza kwa wakamuaji wa mafuta walio jirani naye. Wakamuaji wanauza mafuta kwa viwanda vya rangi na gundi, kisha mashudu, yaani ganda lililokwisha kukamuliwa, yanakwenda kuwa kuni za boila. Mbanguaji wa Mtwara anauza kiini, halafu anatafuta shimo la kumwaga maganda. Atawezaje kutaja bei sawa na mwenzake?

Ni kweli kuna sababu nyingine: mtaji ghali, riba za benki, uzoefu wa muda mrefu wa wabanguaji wa ng'ambo, na uhaba wa mzigo wa kukifanya kiwanda kifanye kazi mwaka mzima. Ushuru wa asilimia 15 unaotozwa korosho ghafi zinazosafirishwa nje unasaidia kuziba sehemu ya pengo hilo. Lakini ushuru unampunguzia faida mshindani, haumpi mbanguaji wa nyumbani kitu cha pili cha kuuza. Ganda linampa.

Tena si kitu kidogo. Msimu wa 2024/25 Tanzania ilipata zaidi ya tani 500,000 za korosho, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia. Tani 500,000 za korosho zina tani 350,000 hivi za maganda. Mashine ya kukamua ikitoa mafuta sawa na sehemu moja ya tano tu ya uzito wa ganda, hizo ni tani 70,000 za mafuta kwa msimu mmoja, mbali na mashudu. Leo korosho nyingi bado zinaondoka ghafi, kwa hiyo mafuta hayo yanaondoka nazo yakiwa ndani ya magunia, na mkataba wa mauzo hauyataji hata kwa neno moja.

Ganda la korosho lina matabaka mawili magumu, na katikati yake mna vijumba vidogo vidogo vilivyojaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Ndiyo mafuta yanayobabua vidole vya kina mama wanaobangua kwa mkono, ndiyo maana hupaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza kazi. Ndiyo pia yanayolipua moto pale korosho zinapokaangwa juu ya bati nyuma ya nyumba, moshi mweusi ukipanda na watoto wakifukuzwa wasisogee. Hakuna mwenyeji wa kusini asiyeujua moto ule. Kinachoungua pale ni mali.

Karibu theluthi mbili ya mafuta mabichi ya ganda ni asidi ya anakadi. Ikipata joto kali, asidi hiyo huachia kaboni daioksaidi na kugeuka kuwa kadanoli. Kadanoli ni ya ukoo mmoja na fenoli, kemikali ambayo viwanda vingi duniani huipata kutokana na mafuta ya petroli na kuitumia kutengenezea gundi za mbao, plastiki ngumu na rangi. Tofauti yake ni kwamba kadanoli ina mkia mrefu wa atomi 15 za kaboni. Mkia huo huifanya isipatane na maji, na huipa ulaini ambao haupotei hata rangi au gundi ikishakauka. Viwanda vinavyotumia fenoli ya petroli hulazimika kuongeza vitu vingine ili kuupata ulaini huo. Kwenye ganda la korosho unakuja bure.

Sifa hizo hazikugunduliwa jana. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Mortimer Harvey alianza kuyafanyia utafiti mafuta haya, na kazi yake na ya waliomfuata ilizaa unga unaochanganywa kwenye pedi za breki hadi leo. Mafuta ya ganda hugandishwa kwa kemikali mpaka yawe magumu, kisha husagwa. Pedi yenye unga huo hushika bila kupiga kelele, na joto likipanda haipotezi nguvu ghafla. Fundi anayemfungia breki dereva wa lori linalokwenda kuteremka mlima Kitonga huenda ameshika mkononi kitu kilichotokana na ganda la korosho, kimeagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na kuna uwezekano kwamba korosho yenyewe ilitoka Tandahimba.

Wajapani nao walipata njia yao. Kwa karne nyingi walipaka vyombo na samani zao utomvu wa mti uitwao urushi, ambao hukauka na kuwa vernishi ngumu inayong'aa. Mti huo ni wa familia moja na mkorosho na mwembe, na anayewashwa na utomvu wa embe anaijua familia hiyo kwa ngozi yake. Urushi ni adimu na ghali, na katika karne ya 20 watengenezaji wa vernishi wa Japani waligeukia mafuta ya ganda la korosho, wakapata vernishi inayofanana nayo kwa gharama ndogo. Huko wanaiita kashu. Inauzwa hadi leo.

Soko lenye uzito zaidi sasa liko kwenye rangi za epoksi. Kutokana na kadanoli hutengenezwa kigumishi kinachokausha rangi hata kwenye baridi na juu ya chuma chenye unyevu, na hiyo ndiyo sababu kinapendwa kwenye rangi za meli, matangi na mabomba. Kampuni ya Kimarekani ya Cardolite, yenye kiwanda Mangalore nchini India, imejenga biashara yake juu ya kemikali za namna hii. Kampuni ya mafuta ya Idemitsu ya Japani imekwenda upande mwingine kabisa: inatengeneza kwa mafuta ya ganda kiongezeo cha chakula cha ng'ombe kinachopunguza gesi ya methani wanayoitoa. Kutoka breki hadi tumbo la ng'ombe, na mali ghafi ni ileile inayofukiwa kwenye mashimo ya Mtwara.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya wenye teknolojia, na kusini haijafika huko. Historia inasema vingine. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Dunia. Mtwara mjini na Likombe vilikuwepo. Newala, Masasi, Nachingwea, Mtama, Lindi na Tunduru vilikuwepo. Kibaha na Tanita ya Dar es Salaam pia. Baadhi vilikuwa na mitambo ya Oltremare kutoka Italia, ambayo huzipitisha korosho kwenye mafuta ya moto ya ganda kabla ya kuzipasua. Katika mtambo wa namna hiyo ganda hutoa mafuta likiwa humohumo ndani, na kiwanda hakiwezi kwenda bila matangi ya kuyapokea. Kwa hiyo wafanyakazi wa kusini walikuwa wakiyashughulikia mafuta ya ganda kwa mapipa kabla wengi wa wawekezaji wa leo hawajazaliwa.

Kilichoviua viwanda vile hakikuwa ujinga wa mafundi. Vilikamilika wakati zao lenyewe linaanguka. Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi mwaka 1973/74. Kufikia 1986/87 ilivuna chini ya tani 20,000. Wakulima walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa wakaacha mikorosho mbali nao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamaliza maua. Viwanda vikakosa korosho, na vingi vikageuka maghala. Watu wa Kilifi, Kenya, wana kumbukumbu ya namna hiyo pia: kiwanda chao cha korosho, kilichoanza miaka ya 1970, kilikufa miaka ya 1990, na mji ukapoteza ajira zake kubwa.

Leo kilichobadilika ni kikubwa. Mikorosho ipo, salfa inagawiwa, na utafiti wa kituo cha Naliendele umewapa wakulima mbegu bora na njia za kupambana na magonjwa. Mavuno yamezidi mara tatu yale ya 1973/74. Maelezo ya kwamba hakuna korosho za kubangua hayapo tena. Kilichobaki ni kuhakikisha kiwanda kinacholipa bei ya mnada kinaweza kuirudisha, na hapo ndipo Bodi inapoombwa ianze kulihesabu ganda.

Ombi la kwanza ni la karatasi tu. Kila anayeomba leseni ya kubangua aeleze maganda yake yatakwenda wapi, na kila mwisho wa msimu atoe taarifa ya tani za maganda, mafuta na mashudu kama anavyotoa taarifa ya kiini. Mwekezaji wa mtambo wa kukamua hawezi kwenda benki akiwa na makisio ya mdomoni. Anahitaji kujua ni tani ngapi za maganda zinapatikana Masasi mwezi Februari, zinamilikiwa na nani na ziko umbali gani. Takwimu hizo hazipatikani kwa kuwa hakuna aliyeziomba.

Ombi la pili ni la fedha. Kongani ya viwanda iliyotengwa Maranje, mkoani Mtwara, iwe na mtambo mmoja wa pamoja wa kukamua maganda. Mbanguaji mdogo, hasa vikundi vya kina mama vinavyobangua tani chache kwa mwezi, hawezi kununua mashine ya kukamua, boila, matangi na vifaa vya maabara. Akiwa na mahali pa kupeleka maganda na kulipwa kwa kilo, tayari ana kipato cha pili bila kununua mashine. Kwa kuanzia, mtambo wenyewe hauhitaji makubwa: mashine ya skrubu, chombo cha kuchemshia mafuta ili asidi iishe, matangi, na maabara ya kupima ubora. Kutenga kadanoli safi kwa kuichemsha ndani ya ombwe ni hatua ya baadaye, mzigo ukishazoeleka na wanunuzi wakishajulikana.

Maabara hiyo isiachwe kuwa ya mwisho. Mwaka 2024 wapimaji wa mafuta ya meli walitoa tahadhari kuhusu mafuta ya ganda la korosho yaliyochanganywa kwenye mafuta ya injini za meli, baada ya meli kupata matatizo ya vichujio kuziba na mifumo ya mafuta kuharibika. Mafuta ya ganda hushikana na kuganda yakipata joto, na asidi yake hula vyuma. Tabia ileile inayoyafanya yafae kwa vernishi inayafanya yawe hatari ndani ya injini. Atakayekuja Mtwara na mkataba wa kununua mafuta yote mabichi ili yakachomwe aulizwe maswali magumu kabla ya kusainiwa chochote. Kuyachoma ni kuyauza kwa bei ya chini kabisa.

Lipo pia soko la nyumbani ambalo halihitaji meli. Wavuvi wa Kerala wamekuwa wakipaka mafuta ya ganda kwenye mashua na nyavu zao ili zisioze. Mchwa hawapendi mbao zilizopakwa mafuta haya. Nchi inayojenga kwa nguzo, kenchi na fremu za mbao, na inayopoteza mbao nyingi kwa mchwa, ina haja ya dawa ya mbao inayotengenezwa hapahapa. Shirika la viwanda vidogo la SIDO na vyuo vya ufundi vinaweza kulifanyia kazi jambo hili kwa vipimo vya kawaida, mradi watumiaji wafundishwe kuvaa glavu na kutoyaacha mafuta mabichi yakagusa ngozi.

Mashudu nayo ni kuni nzuri. Kiwanda cha kubangua kinahitaji mvuke wa kulainisha korosho kabla ya kuzikata na joto la kukaushia kiini, na vyote viwili vinaweza kutoka kwenye mashudu. Ganda ambalo halijakamuliwa nalo huwaka, na huwaka sana, lakini moshi wake unawasha macho na koo, na lami yake inaziba bomba la moshi. Huko Bobo-Dioulasso, Burkina Faso, wataalamu walitengeneza tanuri maalumu ambalo kwanza huligeuza ganda kuwa gesi na mkaa, kisha gesi huunguzwa kwa joto kali ili moshi uishe. Mvuke hupatikana, na mkaa unaobaki unauzika. Wabanguaji wa kusini wanaonunua kuni kutoka misitu ya Lindi wakati maganda yamerundikana uani wangefaidika kwa kwenda kuliona tanuri hilo.

Utando mwekundu ni kidogo kwa uzito na una tanini nyingi, zile zinazotumika kusindika ngozi. Njombe kuna kiwanda kinachokamua tanini kutoka magome ya miwati, kwa hiyo ujuzi upo nchini. Kinachokosekana ni mtu wa kuukusanya utando kutoka viwandani na kuufikisha kwenye vipimo.

Kuhusu mabibo, yaani matunda ya mkorosho, barua hii inataka kuwa ya wazi zaidi ya kawaida, kwa sababu ndiko kwenye upotevu mkubwa na ndiko kwenye ahadi nyingi zilizotolewa bila kutimizwa. Bibo lina uzito mara kadhaa ya korosho yake, na vitamini C iliyomo ni nyingi kuliko ya chungwa. Mavuno ya tani 500,000 za korosho yanaacha mamilioni ya tani za mabibo shambani. Mkulima hunyofoa korosho na kuliacha bibo chini ya mti. Baadhi huliwa, baadhi hukamuliwa kuwa pombe ya uraka, baadhi hukaushwa kuwa kochoko, na kochoko nyingi huishia kwenye mitungi ya gongo. Yaliyobaki huoza.

Naliendele wameshaonyesha kwamba juisi, jamu na mvinyo wa mabibo vinawezekana. Brazil, ulikotoka mkorosho, wamefika mbali zaidi. Cajuína, juisi ya mabibo iliyochujwa ikawa angavu na kuchemshwa ndani ya chupa mpaka ikapata rangi ya dhahabu, ni kinywaji cha heshima katika jimbo la Piauí, na mwaka 2014 utengenezaji wake ulitambuliwa rasmi kuwa sehemu ya urithi wa utamaduni wa Brazil. Huko Goa, India, feni ya mabibo ilipewa ulinzi wa jina la mahali inakotoka mwaka 2009. Pombe inayofanana na ile ambayo kusini mwa Tanzania hutengenezwa kwa kujificha, kule inauzwa kwa chupa yenye lebo na kulipiwa kodi.

Kikwazo cha bibo ni muda na ukakasi. Halikai zaidi ya siku moja likiwa zima, na mashamba yametawanyika. Ukakasi unatoka kwenye tanini, na huondolewa kwa kuchanganya juisi na wanga kidogo au jelatini, kisha kuchuja. Wanga wa muhogo unafaa kwa kazi hiyo, na muhogo Mtwara na Lindi haukosekani. Kwa hiyo isijengwe ndoto ya kiwanda kimoja kikubwa cha juisi mjini, ambacho malori yatakifikia yakiwa yamebeba mabibo yaliyokwisha kuchacha. Kukamua na kuchuja kufanyike kwenye AMCOS, karibu na miti, kwa mashine ndogo. Kinachosafirishwa kiwe juisi iliyochemshwa. Na maganda yatangulie mabibo, kwa kuwa maganda tayari yamekusanywa mahali pamoja na hayaozi.

Mkulima atauliza, na ana haki ya kuuliza, haya yote yanamhusu vipi yeye anayelipwa kwa kilo ya korosho ghafi. Yanamhusu kwa njia mbili. Kiwanda cha karibu chenye vitu vitatu vya kuuza kinaweza kupanda bei mnadani dhidi ya mnunuzi wa nje, na ushindani huo ndio unaosogeza bei. Pili, ushirika ukimiliki kiwanda, ganda ni mali ya wanachama. Vyama vikuu vinavyoingia kwenye ubanguaji viwaeleze wanachama wao kwenye mkutano mkuu mapato ya maganda yalikuwa kiasi gani na yalikwenda wapi. Ganda lisiachwe kuwa posho ya meneja wala zawadi kwa mwenye lori.

Bodi ina mamlaka ya kusimamia zao lote chini ya Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, na ofisi zake ziko Mtwara, mahali maganda yanapoonekana kwa macho. Minada ya msimu hufunguliwa Oktoba. Fomu za leseni za ubanguaji zinaweza kuongezwa safu ya maganda kabla ya hapo, na mchoro wa Maranje unaweza kutengewa kiwanja cha mtambo wa kukamua kabla viwanja vyote havijagawiwa.